Makini, Utulivu na Moyo Uliotua: Maelezo juu ya Maneno Mawili katika Kiswahili cha Meru na Embu

Katika kamusi za Kiswahili zilizotungwa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, kama ile ya Madan (1903) na ile ya Johnson (1939), neno makini linaelezwa kwa sifa za ndani ya mtu: upole, heshima ya tabia, kujimiliki, kutotikisika. Mtu wa makini, kwa maana hiyo, ni yule ambaye habari mbaya ikimfikia hubaki na uso wake na sauti yake. Mwanafunzi wa leo wa Chuka, Runyenjes au Maua akiulizwa maana ya neno hilo hilo, si rahisi ataje hata moja ya sifa hizo. Atasema kwamba kuwa makini ni kumsikiliza mwalimu, kuangalia barabara kabla ya kuvuka, kusoma swali la mtihani mara mbili. Wala hatakuwa amekosea, kwa kuwa hayo ndiyo matumizi ya Kiswahili cha leo karibu kila mahali. Linalostahili kuchunguzwa ni jambo jingine: neno hili lilipohama kutoka moyoni kwenda machoni na masikioni, ni neno gani lililobaki nyuma kushika nafasi yake? Jibu la haraka ni utulivu. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa ni sahihi kwa upande wa asili ya neno, halitoshi kwa upande wa matumizi, hasa katika nchi za Meru na Embu, na kwamba upungufu huo una madhara yake nje ya darasa.

Inafaa kuanza na makini lenyewe. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti m-k-n, na maana yake ya asili ni kitu kilicho imara mahali pake, au mtu mwenye mahali pa kusimama. Katika Sura ya Yusuf ndilo neno ambalo mfalme wa Misri anamsifia Yusuf baada ya kutolewa gerezani, likiambatana na sifa ya uaminifu. Katika Kiswahili mzizi huo umezaa pia yamkini, ambalo maana yake imekwenda mbali sana. Haifai kuuchanganya na mzizi mwingine unaofanana nao kwa sauti, yaani s-k-n, uliotuletea sakini na, kwa njia ndefu kidogo, maskini.

Mabadiliko ya maana ya makini si ya ajabu. Mtu aliye imara ndani hufanya kazi yake bila papara, na asiye na papara haachi kitu kumpita. Basi sifa ya mtu ikageuka kuwa sifa ya kazi yake, na sifa ya kazi ikageuka kuwa agizo: "Kuwa makini!" Huko pwani hatua hizi tatu zilifuatana katika vinywa vya watu wale wale, na mzee wa Lamu au Mombasa anaweza kuzijua zote pamoja. Bara, neno liliingia likiwa katika hatua ya tatu. Lililetwa na mwalimu mwenye chaki mkononi, likaenea kama agizo, na kama agizo likabaki.

Utulivu una historia tofauti, kwa sababu ni neno la Kibantu tangu mzizi hadi kiambishi. Asili yake ni kitenzi tua. Ndege hutua mtini, jua hutua, msafara hutua penye maji, mchukuzi hutua mzigo. Katika mifano yote minne kuna kitu kilichokuwa juu au safarini ambacho kimefika chini na kukoma. Tulia ni kauli ya kutendea ya kitenzi hicho, na ile l inayoonekana kana kwamba imetumbukizwa ni sauti ya zamani iliyokuwamo tangu mwanzo, ikadondoka katikati ya irabu, kisha ikarudi mbele ya kiambishi cha kutendea. Ndivyo ilivyo pia katika zaa na zalia, twaa na twalia, chukua na chukulia. Kutoka tulia tunapata tuliza na kitulizo, na kwa kiambishi tamati -vu tunapata kivumishi tulivu, kama vile vumilia inavyotoa vumilivu na sikia inavyotoa sikivu. Mtulivu, kwa hiyo, ni mtu ambaye ndani yake kitu kimetua.

Ni kitu gani hicho? Misemo ya pwani hutoa jibu waziri: ni moyo, au mzigo ulio juu ya moyo. Kubwaga moyo ni kupumzika na fadhaa, na kubwaga ni kitenzi cha mchukuzi, cha mtu anayeuangusha mzigo chini kwa kishindo. Wengi hulieleza jina la mji wa Bagamoyo kwa maneno hayo, ijapokuwa asili ya jina lenyewe ina ubishi mwingi. Washairi nao wana kituo na kibwagizo, istilahi mbili za mwisho wa ubeti, na yafaa kuangaliwa kwamba moja imetoka katika tua na nyingine katika bwaga: sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka hufika mahali ikatua. Taswira ni moja tangu bandarini hadi katika utenzi. Moyo huchukua, na penye nafuu huweka chini.

Jambo jingine linalofuata taswira hiyo ni kwamba Kiswahili cha pwani hakichanganyi utulivu na kimya. Methali husema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, maana yake mtu aliyenyamaza yaweza kuwa anachemka ndani. Kunyamaza ni jambo la mdomo. Hata umbo la kitenzi lina ushahidi: nyamaza ilikuwa kauli ya kutendesha ya nyamaa, kana kwamba kunyamaza ni kuulazimisha mdomo ufanye kitu. Mtu anaweza kutulia huku anazungumza, tena anaweza kulia machozi huku moyo wake unatulia. Ni kweli kwamba husemwa pia "kutulia tuli" na "kimya tuli", na kwamba mama humwambia mtoto "tulia" akiwa na maana ya "acha kuchezacheza". Lakini hayo ni matawi. Shina ni kutua.

Sasa tuone jinsi Kiswahili kilivyofika katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kwa kuwa neno huja na hali ya waliolileta. Kituo cha serikali ya Kiingereza kiliwekwa Embu mwaka 1906, na cha Meru kikafuata mnamo 1908. Walioandamana na maofisa walikuwa askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliotumia Kiswahili, na baadhi yao wakalowea katika vijiji vya Waislamu pembeni mwa miji hiyo miwili. Misheni zilipojenga shule, za Anglikana huko Kigari, za Methodisti huko Kaaga, za Waskoti huko Chogoria, mafundisho ya imani yalitegemea zaidi lugha za wenyeji, na katika Embu yalitegemea kwa miaka mingi Biblia ya Kigikuyu. Kwa hiyo maneno ya moyo, yaani toba, faraja, subira na amani, yaliwafikia watu wengi kwa lugha za mlimani, na Kiswahili kikabakiwa na sokoni, barazani kwa mkuu wa wilaya, kituo cha polisi na mahakama.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960. Serikali iliwaweka Wagikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la kutiliwa shaka. Walihitaji vibali vya kusafiri, na tangu 1954 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Kiswahili walichokisikia miaka hiyo kutoka kwa askari kilikuwa lugha ya kuamrishwa: simama, kaa chini, nyamaza, tulia. Katika orodha kama hiyo tulia haiwezi kubaki na maana ya kutua mzigo. Baada ya Uhuru neno likapata mwenzi wa kudumu katika lugha ya serikali, "amani na utulivu", na katika fungu hilo utulivu si hali ya mtu hata kidogo. Ni hali ya tarafa ambayo hakuna ghasia iliyoripotiwa ndani yake.

Hapa inafaa kumtaja mtu mmoja aliyesimama pande zote mbili. H. E. Lambert alikuwa mtawala wa kikoloni katika Meru na Embu, na kitabu chake cha 1956 juu ya mila na utawala wa Wagikuyu na jamaa zao kinasomwa hata leo na wanaochunguza mabaraza ya wazee. Miaka hiyo hiyo alichapisha maelezo juu ya lahaja za Kiswahili, Kivumba, Chichifundi na Chijomvu, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wachache walikuwa na nafasi nzuri kama yake ya kulinganisha msamiati wa moyo wa mlimani na ule wa pwani. Lakini alipoandika juu ya mlima aliandika juu ya taasisi, na alipoandika juu ya pwani aliandika juu ya lahaja.

Lugha zenyewe za mlimani zasemaje? Kigikuyu, Kiembu, Kimeru na Kitharaka ni za kundi moja, lile ambalo Guthrie aliliita E.50, na moyo ni ngoro katika Kigikuyu na Kiembu, nkoro katika Kimeru. Kigikuyu ndicho chenye kamusi kubwa ya siku nyingi, ile iliyohaririwa na Benson (1964), nacho kinatupa njia tatu za kutaja uthabiti wa ndani. Ya kwanza ni ya ukimya: kutoka gũkira, kunyamaza, hupatikana gũkirĩrĩria, kustahimili, kana kwamba kustahimili ni kunyamaza kulikorudiwarudiwa hadi mwisho. Ya pili ni ya ugumu: kutoka kũũma, kukauka au kuwa kigumu, hupatikana kũũmĩrĩria, kujikaza na kuendelea. Ya tatu ni ya baridi: kũhora husemwa juu ya moto uliozimika, na kũhoorera juu ya mtu aliyetulia baada ya hasira au kilio, kumfariji mtu ni kũhooreria. Katika Kiembu, ambako h ya Kigikuyu hutamkwa v, njia hiyo ya tatu huwa na v mahali pa h.

Ya kwanza na ya pili ndizo zenye nguvu zaidi katika mafunzo ya vijana na katika sifa za mtu mzima, na ndizo zinazoingia kwa siri katika Kiswahili cha wasemaji wa huko. Mtu ambaye katika lugha yake ya kwanza kunyamaza ndiko mama wa kustahimili, akiambiwa "tulia" husikia "nyamaza" bila taabu yoyote ya kufasiri. Na akitaka kueleza kwa Kiswahili jinsi mtu alivyojimiliki mbele ya msiba, atachagua vumilia, jikaza, au ule usemi ambao mwalimu wa insha anaujua mno: kupiga moyo konde. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, usemi huo umekaririwa katika shule zote za Kenya, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba ni wa Meru na Embu peke yake. Lakini katika insha za huko hutumiwa hata pale ambapo mhusika hana jambo la kujasiria. Baba amekufa, jirani wamekuja, chai imemiminwa, mtoto ameketi kando ya shangazi yake. Mwandishi anasema akapiga moyo konde. Konde ni ngumi. Moyo wa mtoto huyo hauhitaji kupigwa ngumi, bali unahitaji mahali pa kutua, na neno la kusema hivyo lilikuwamo katika Kiswahili siku zote.

Kama jambo hili lingekuwa la insha tu, lingeweza kuachiwa watahini. Haliko hivyo. Fikiria mwanamke wa Tigania aliye katika uchungu wa kuzaa, na muuguzi aliyetoka wilaya nyingine anayemwambia, "Tulia, mama." Muuguzi anakusudia: shusha pumzi, legeza mabega, usipigane na maumivu. Mwanamke anasikia kwamba kilio chake kinaudhi. Ananyamaza, anakaza meno na mwili wote, yaani anafanya kinyume kabisa cha alichoombwa, naye anaamini ametii. Au fikiria mahakama ambamo shahidi anasema kwa Kimeru kwamba mshtakiwa alipoulizwa habari za ng'ombe waliopotea alikuwa na moyo usiotikisika, na mkalimani anaandikisha kwamba "alinyamaza". Mtu aliyekaa kwa utulivu na mtu aliyekataa kujibu si mtu mmoja mbele ya hakimu. Mkalimani hakudanganya, alichukua neno lililokuwa karibu zaidi na mkono wake.

Wazee nao hudhulumiwa na tafsiri hii. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lenye makao yake Nchiru, hujulikana kwa uzito wa maneno yake, na mzee wa baraza la namna hiyo huthaminiwa kwa namna anavyozungumza: haingilii maneno ya mwenziwe, hapandishi sauti, huanza mbali na kukifikia kiini polepole. Huo ni umakini kwa maana ile ya Madan na Johnson, kamili. Vitabu vya shule vikimwita "mzee mtulivu", mtoto aliyezoea kuamriwa "Tulieni!" humwona mzee asiyesema, aliyekaa pembeni na fimbo yake. Bernardi, aliyeandika juu ya Mugwe, kiongozi wa baraka miongoni mwa Wameru, alikiita kitabu chake cha 1959 kwa sifa ya nabii anayeshindwa. Kilipotolewa tena mwaka 1989 sifa hiyo ikabadilishwa ikawa ya nabii anayebariki. Miaka thelathini ilipita kabla ya jina la kitabu kurekebishwa. Mzee wa kitabu cha darasa la nne bado anangoja.

Pengine itasemwa kwamba maana hubadilika na hakuna awezaye kuirudisha nyuma. Kwa makini hoja hiyo inakubalika. Neno hilo sasa lina kazi nyingine na linaifanya vizuri, na kuwaambia wanafunzi waliache itakuwa kujisumbua bure. Kwa utulivu hali ni tofauti, kwa sababu mzizi wake bado uko hai. Hakuna mtoto wa Mbeere au Imenti asiyejua kutua mzigo. Amemwona mama au nyanya yake akipanda mteremko na kuni mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, na amemwona akifika penye ukingo ulio sawa na kiuno chake, akigeuka nyuma, akiegemeza mzigo kidogo kidogo mpaka ukanda ulegee. Mwalimu akianzia hapo, kwa tua, kisha akaonyesha tulia, tuliza, tulivu na utulivu katika mfuatano wao, hana haja ya kutunga taswira. Lakini vitabu vingi vya sarufi hufundisha tua katika somo la vitenzi na utulivu katika orodha ya nomino dhahania, kurasa hamsini baadaye, na wanafunzi hawaambiwi kwamba ni jamaa moja.

Vijana wa mijini, kwa upande wao, wamejitengenezea njia bila kumwuliza mwalimu. Katika Sheng' husemwa "tuliza boli" kwa mtu mwenye papara. Ni maneno ya uwanjani: mpira umekuja kwa kasi, mchezaji anaushusha chini ya mguu wake kabla ya kuamua. Hakuna anayeusikia usemi huo kama amri ya kunyamaza. Wanaoudharau kwa sababu ni wa Sheng' wangefaa kukumbuka kwamba umeihifadhi maana ya tua kwa uaminifu kuliko hotuba nyingi za barazani.

Kuna kiungo kingine, nacho ni ile njia ya tatu ya lugha za mlimani. Kũhora na kũhoorera za Kigikuyu, pamoja na jamaa zao za Kiembu, ni ndugu wa poa ya Kiswahili. Mzizi wa Kibantu ulikuwa na p mwanzoni na sauti ya namna ya l au d mwishoni. Kiswahili kiliitunza p na kuiangusha ile ya mwisho katika poa, lakini kikaiacha katika pole, polepole, mpole na upole, na Kigikuyu kikaigeuza p kuwa h na kuitunza ile ya mwisho kama r. Kwa hiyo mtu wa Embu anayemwambia aliyefiwa "pole" anatamka, bila kujua, neno la ukoo mmoja na lile ambalo nyanya yake angemfarijia kwa lugha ya nyumbani. Hakuna ugumu ndani yake wala ukimya. Kuna moto uliokuwa ukiwaka, na sasa unapoa.

Muuguzi wa mfano wetu, basi, ana neno la kutumia mpaka shule ziirudishe maana ya utulivu. Katika wodi ya Meru au Embu "Pole, mama, polepole" humfikia mgonjwa mahali ambapo "Tulia" haifiki, na wauguzi wengi waliokaa huko miaka mingi husema hivyo tayari. Wanaowafundisha wauguzi wapya Kiswahili cha kazi wanaweza kulitia somo hilo katika juma la kwanza, pamoja na majina ya viungo vya mwili.